Kauli moja, maana tano

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nilalamikie maneno matatu ambayo gazeti lako, kama magazeti mengine yote, huyachapisha karibu kila wiki: "kwa kauli moja". Kamati imepitisha kwa kauli moja. Jopo limemteua kwa kauli moja. Wajumbe wameridhia kwa kauli moja. Huwa nayasoma nikicheka peke yangu, kwa sababu kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kuyaandika. Nilikuwa katibu wa vikao: majopo ya usaili, kamati za zabuni, kamati za kupitia mapendekezo ya miradi. Nimeyaandika kwenye mihtasari mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na mara nyingi nilijua fika kwamba kauli ilikuwa moja kweli, ila maana zilikuwa tano.

Kikao cha tathmini hakianzi na namba, kinaanza na maneno. "Huyu si mbaya." "Anajitahidi." "Mzurimzuri." "Inaridhisha." Mjumbe mmoja akisema pendekezo "si mbaya" huwa limemfurahisha, ila hataki kuonekana amechangamka, mwingine akisema hivyo hivyo anaomba litupwe kwa adabu. Nilifanya kazi na mwenyekiti ambaye "inaridhisha" kwake ilikuwa sifa ya juu kabisa, sikuwahi kumsikia akipanda zaidi ya hapo. Aliyekaa kulia kwake alilitumia neno hilo kwa vitu ambavyo hakutaka kuviona tena. Wote wawili walipotamka "inaridhisha", mimi nilifanya nini? Niliandika wamekubaliana.

"Wastani" ndilo lililonitesa kuliko yote. Neno hili limebeba mizigo miwili: ni daraja, kitu cha katikati kisicho kibaya wala kizuri, na ni hesabu, jumla iliyogawanywa. Nimeshuhudia mabishano ya dakika 20 ambayo chanzo chake ni mmoja kusema "wastani wake ni mzuri" na mwenzake kusikia "ni wa wastani". Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimekaa penye wazee, na maneno niliyaona yakiharibika mbele yangu huku kalamu iko mkononi.

Wasomaji wasidhani ni ugonjwa wa kamati ndogo. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika ripoti kuhusu uwezekano wa Yugoslavia kushambuliwa na Urusi ya Kisovieti na washirika wake mwaka huo, wakasema uwezekano huo ni wa kuchukuliwa kwa uzito. Wote waliyapitisha maneno hayo. Baadaye ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, walimaanisha nini hasa. Kent akajibu kwamba yeye alikadiria kama 65 kwa 35 kuwa shambulio lingetokea. Mwulizaji akashtuka, alikuwa amesoma kitu cha chini sana kuliko hapo. Kent naye akaingiwa na wasiwasi, akaenda kuwauliza wenzake mmoja mmoja. Kumbe wapo waliomaanisha 20 kwa 80 na wapo waliomaanisha 80 kwa 20. Meza moja, sentensi moja, na wameshakubaliana! Kent aliliandika jambo hili mwaka 1964, na kila nikilifikiria najiuliza mihtasari yangu mingapi ina Yugoslavia ndani yake.

Dawa mojawapo ni kufunga maneno kwenye namba. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, limefanya hivyo: wakiandika kwamba jambo "yamkini sana" litatokea, wamekubaliana tangu mwanzo kuwa ni asilimia 90 hadi 100. Ni dawa nzuri kwa mambo ya kutokea au kutotokea. Lakini "nzuri" ni asilimia ngapi? Mwombaji kazi anayejieleza vizuri ila kumbukumbu zake hazijapangwa ni asilimia ngapi? Hapo namba inakuwa uongo uliovaa suti.

Binti yangu anafundisha hisabati. Jioni moja nilikuwa nalalamika kama ninavyolalamika hapa, akaniambia, "Mama, hayo mambo yako yana jina, na watu wameyaandikia." Akanieleza habari za Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku, Azerbaijan, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, ambaye mwaka 1965 alitoa hesabu ya makundi yasiyo na mipaka mikali, na mwaka 1975 akaeleza namna neno la kawaida, kama "mrefu" au "kijana", linavyoweza kuwa thamani ya kukokotoa bila kwanza kulazimishwa kuwa namba moja. Sikuelewa yote, wala sijifanyi nimeelewa. Kilichonishika ni kwamba kuna watu wenye akili zao waliokaa wakaheshimu kigugumizi cha mjumbe.

Nasema kigugumizi kwa sababu hapo ndipo kamati zinapokosea zaidi. Fomu zetu zilikuwa na visanduku saba, kutoka "haifai kabisa" hadi "bora kabisa", na maelekezo juu yake: weka alama MOJA. Tulikuwa na mhasibu mmoja makini ambaye mara kwa mara aliweka alama yake kwenye mstari unaotenganisha visanduku viwili. Mwenyekiti alikuwa akiirudisha fomu: "Imeharibika, chagua moja." Mhasibu alichagua, na siku zote alichagua kile cha juu, kwa sababu cha juu hakiombwi maelezo. Mashaka yake yakaishia kwenye kifutio. Na mashaka yale yalikuwa taarifa! Mtu anaposema "ni kati ya wastani na nzuri sana, sijaona hesabu za mwaka wa tatu", anakuambia mambo mawili kwa mpigo: anavyokiona kitu, na kiasi gani haoni.

Mwaka 2004 mtafiti wa China, Zeshui Xu, aliandika kuhusu kuchukua tathmini za namna hiyo kama zilivyo, yaani neno la chini na neno la juu, kisha kuziunganisha za wajumbe wote bila kumlazimisha mtu achague. Mwaka 2012 Wahispania Rodríguez, Martínez na Herrera wakaenda mbele na hesabu ya watu wanaositasita kati ya maneno kadhaa. Binti alipomaliza kunisimulia nikamwambia yule mhasibu anadaiwa kuombwa radhi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipata mwenyekiti mpya, mtu wa kusikiliza, akaniruhusu nijaribu mara moja, "mradi tusilale hapa". Tulikuwa tunachagua mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu, mapendekezo yakiwa matatu. Nikagawa karatasi zenye maneno saba, kila neno na nafasi yake: haifai kabisa 0, haifai 1, dhaifu 2, wastani 3, nzuri 4, nzuri sana 5, bora kabisa 6. Kila mjumbe aandike neno la chini na la juu. Asiye na shaka aandike neno moja mara mbili. Hakuna kuzungumza kabla ya kuandika, na mwenyekiti aandike kama wengine. Kabla hatujafungua karatasi hata moja tukapanga kwamba mwafaka ukifika 0.9 kati ya 1 tutaridhika (1 maana yake wote wameandika sawasawa). Hili la kupanga kabla nalisisitiza, maana kizingiti kinachowekwa baada ya matokeo kujulikana huwa na urefu uleule wa matokeo.

Pendekezo la pili ndilo lililokuwa likisifiwa kwenye korido. Mwenyekiti aliandika nzuri sana, bila shaka yoyote: 5 na 5. Mhasibu wastani hadi nzuri sana: 3 na 5. Mhandisi nzuri hadi nzuri sana: 4 na 5. Mwalimu tuliyemwalika kutoka nje, nzuri: 4 na 4. Mwanasheria, mama mpole aliyezoea kusema "namuunga mkono aliyetangulia", aliandika dhaifu hadi wastani: 2 na 3.

Ukijumlisha za chini na kugawa kwa tano unapata 3.6, za juu unapata 4.4. Katikati ya hizo ni 4 kamili, yaani "nzuri" isiyo na doa. Kwa utaratibu wa zamani tungeishia hapo, pendekezo limepita, twende nyumbani. (Kuna mtindo wa Herrera na Martínez wa mwaka 2000 ambao naupenda: 3.6 hawaikati ikawa "nzuri" tu, wanaandika nzuri kasoro 0.4, na 4.4 ni nzuri na ziada 0.4. Neno linabaki neno, na chenji hairudi mfukoni mwa karani.)

Lakini tulikuwa tunatafuta pia umbali. Unachukua neno la chini la mjumbe, unaona limetofautiana kiasi gani na la chini la kundi, unafanya vivyo hivyo kwa la juu, unapata katikati ya tofauti hizo mbili, unagawa kwa 6 ambayo ni urefu wa ngazi yetu, kisha unatoa kwenye 1. Mwalimu alikuwa 0.93, mhandisi 0.92, mhasibu 0.90. Mwenyekiti, ambaye siku zote tulidhani ndiye sauti ya kikao, alikuwa 0.83. Mwanasheria 0.75. Kikao kizima, yaani zote tano ukizijumlisha na kugawa kwa tano, 0.87. Hatujafika.

Sasa hapa ndipo roho yangu ilipo, na ndipo ninapotofautiana kidogo na baadhi ya wataalamu. Programu nyingi za kazi hii zikimwona aliye mbali zaidi humpa ushauri: panda kidogo, au shuka kidogo, ukaribie wenzako. Wapo hata waliokokotoa namna ya kufika kwenye mwafaka kwa gharama ndogo kabisa ya kuwasogeza watu. Ben-Arieh na Easton waliandika hivyo mwaka 2007. Kama hesabu, sina ubishi. Kama katibu niliyeona watu wakisogezwa, nina ubishi mkubwa. Umbali wa mjumbe unatuonyesha nani aulizwe kwanza. Kwamba ndiye aliyekosea, hausemi.

Basi tukamwuliza. Mwanasheria akafungua rasimu ya mkataba karibu na mwisho, akasoma kifungu kinachosema kwamba mkataba ukiisha, kumbukumbu zote zinabaki mikononi mwa muuzaji hadi alipwe tena. Kimya. Mhandisi akasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango, kwamba yeye alisoma sehemu ya mitambo tu. Mhasibu akasema sasa ameelewa kwa nini gharama za miaka ya mbele hazikuwekwa wazi. Hakuna aliyemshawishi mwenzake kwa nguvu. Ni kwamba jambo moja lililokuwa kwenye kichwa kimoja limeingia kwenye vichwa vitano.

Tukaandika upya. Mwenyekiti, mhandisi na mwalimu wote wastani hadi nzuri. Mhasibu wastani, bila kusita safari hii. Mwanasheria hakubadili herufi. Kundi likawa kati ya 2.8 na 3.6, na kiwango cha mwafaka 0.93. Tulikubaliana zaidi, na tulichokubaliana ni kwamba kitu hiki hakikuwa kizuri kama tulivyodhani. Pendekezo la tatu likalipita.

Kaa kidogo na hilo, mhariri. Mtu aliye mbali zaidi hakusogea hata hatua moja. Ni kundi lililomfuata. Kwenye kikao cha kawaida mwenyekiti angefungua kwa kusema "mimi naona ni nzuri sana", na yule mama angeunga mkono aliyetangulia kama alivyozoea. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa vijistari tu: mtu anaonyeshwa mistari, anaulizwa upi unalingana na mwingine, jibu liko wazi kama mchana, lakini waliomtangulia wote, ambao wamepangwa, wanataja lile lisilo sahihi. Kama theluthi moja ya majibu yalifuata kosa la kundi, na watu watatu katika kila wanne walifuata angalau mara moja. Hiyo ni mistari. Itakuwaje kwa neno kama "inaridhisha", ambalo hata ukibanwa unaweza kudai ulimaanisha lolote?

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Hesabu hii ina tundu ambalo binti yangu mwenyewe alinionyesha: inachukulia kwamba hatua kutoka dhaifu kwenda wastani ni sawa na hatua kutoka nzuri kwenda nzuri sana. Kwa uzoefu wangu si sawa. Kuna genge kati ya "wastani" na "nzuri", watu hulivuka kwa shida, ilhali "nzuri" na "nzuri sana" zimetenganishwa na tabasamu tu. Kuna njia za kupima ngazi zenye vidato visivyolingana, ila ni juu ya uwezo wangu.

Tundu jingine ni la binadamu. Nilikuwa na mjumbe aliyekuwa akiwapa wote "hafai kabisa" isipokuwa mtu wake, ambaye alikuwa "bora kabisa". Huyo hana shaka, hana neno la chini na la juu, ana mgombea. Ukimpima kwa umbali atatokea yuko mbali, na ukimwuliza sababu atazungumza nusu saa. Zipo njia za kumpunguzia uzito mjumbe wa aina hiyo. Mimi nilikuwa na njia yangu, kuandika kwenye muhtasari kila neno alilosema, lote, na kumsomea kikao kinachofuata. Ilisaidia kuliko hesabu.

Na wapo watakaosema: haya yote ya nini, pigeni kura, wengi wape. Kura inafaa pale watu walipokwisha kujua wanachotaka na wakatofautiana. Pale wajumbe watano wanapotumia neno moja kwa maana tano, kura inahesabu mikono ya watu ambao bado hawajajua kwamba wanabishana.

Nina ombi dogo kwa waandishi wako. Mkiambiwa kamati imeafiki kwa kauli moja, msiishie hapo. Ulizeni kama wajumbe waliandika kabla ya kuzungumza, na nani alizungumza wa kwanza. Ulizeni aliyekuwa mbali zaidi alisema nini. Hamhitaji jina lake, sababu zake zinatosha. Wakijibu kwamba hakuna aliyekuwa mbali, hapo ndipo mnolee kalamu.

Muhtasari wa kikao kile cha mfumo wa kompyuta niliuandika hivi: "Wajumbe walifikia mwafaka wa 0.93. Mjumbe mmoja alibaki kati ya dhaifu na wastani. Sababu zake zimeambatishwa." Baada ya siku tatu ukanirudia kutoka ofisi ya juu. Sentensi zote tatu zilikuwa zimekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Andika: kwa kauli moja."

Nikaandika.

Katibu mstaafu wa vikao